Umechaguliwa Mweka Hazina? Kazi Yako Si Kushika Pesa Tu

Katika vikundi vingi, mweka hazina huchaguliwa hivi. Mwenyekiti anauliza nani atashika pesa. Kimya. Kisha mtu mmoja anasema, "Si tumpe mwalimu, yeye ni mwaminifu." Makofi yanapigwa. Kabla mwalimu hajakaa chini vizuri, nambari yake ya simu tayari iko kwenye grupu ya WhatsApp: "Michango yote itumwe hapa."

Mwalimu amepewa kazi ambayo hakuna aliyemweleza. Anajua tu kwamba pesa zitaingia kwa simu yake na siku zikihitajika azitoe. Miezi sita baadaye mwanachama mmoja anauliza, "Kwani tuko na pesa ngapi?" Mwalimu anaanza kupekua meseji za zamani, nyingine ameshafuta, jumla haitimii, na watu wanaanza kuangaliana. Huenda hajala hata shilingi. Lakini hana cha kuonyesha.

Makala hii ni yako kama uko kwenye viatu vya huyo mwalimu. Inaweza kuwa ni chama cha kusaidiana wakati wa matanga, kamati ya mradi wa maji, kikundi cha akina mama, au bodi ya shirika dogo linalolipia watoto karo. Vyote hivi vinafanana kwa jambo moja: havikuundwa kumpatia mtu faida, na pesa zilizomo si za mtu mmoja. Kwa hivyo kazi ya mweka hazina ni moja, na haya mengine yote yanatoka hapo: hakikisha pesa za kikundi zinaweza kuonekana na kukaguliwa hata siku ambayo wewe haupo.

Uaminifu ni mzuri, lakini uaminifu unakaa moyoni na hakuna anayeweza kuuhesabu. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza, jua mipaka ya kazi yako

Mweka hazina si mwenye pesa, na wala si yeye anayeamua zitumike vipi. Anayeamua ni mkutano au kamati. Kazi yako ni mambo matano:

1. Kupokea pesa na kuziandika.
2. Kulipa kile kilichoidhinishwa, na si kingine.
3. Kulinganisha daftari na taarifa ya akaunti.
4. Kuripoti kwa wanachama.
5. Kupiga kengele mapema ukiona mambo hayaendi sawa.

Hilo la tano ndilo wengi husahau. Kama michango imepungua miezi mitatu mfululizo, au kamati inataka kuahidi msaada ambao pesa zake hazipo, wewe ndiye wa kwanza kuona. Ukinyamaza kwa sababu hutaki kuonekana mkorofi, hujatimiza kazi. Mweka hazina anayesema "hatuwezi, pesa hazitoshi" mwezi Machi anawaokoa wanachama na aibu ya mwezi Desemba.

Na tuelewane: wenzako kwenye kamati hawawezi kukuachia mzigo wote. Mwenyekiti na katibu wakisema "hayo mambo ya pesa muulize mweka hazina," wamekosea. Kamati nzima inawajibika. Wewe unawaletea hesabu, lakini wao wana wajibu wa kuzisoma na kuuliza maswali.

Pesa za kikundi zisikae kwa laini yako

Huu ndio ushauri tunaorudia kila siku. Tunajua laini ya mtu binafsi ni rahisi: haina fomu, inaanza kutumika hapo hapo. Lakini angalia mambo yanayoweza kutokea.

*Deni lako linaweza kulipwa na michango ya wengine.* Kama ulichukua mkopo wa kujazia salio kwa simu, ule ambao hujilipa wenyewe pesa zikiingia, basi mwanachama akituma 500 yake, mfumo hautajua kwamba ni ya kikundi. Utakata. Hujaiba, lakini pesa haipo.

*Laini ina kikomo.* Tangu 2023, salio la juu ambalo wateja wengi wa pesa kwa simu hapa Kenya wanaruhusiwa kuwa nalo ni shilingi 500,000. Mkichanga bili kubwa ya hospitali kwa laini moja, na mwenye laini tayari ana pesa zake humo, kuna michango itakayokataliwa saa ile ile mnayoihitaji.

*Ukiugua, pesa zinaugua nawe.* Fikiria hivi: ni Ijumaa jioni, mwanachama amefiwa na mazishi ni Jumamosi. Kikundi kina 48,000 za kusaidia. Lakini mweka hazina amelazwa, simu imezimwa, na nambari ya siri anaijua yeye peke yake. Watu 30 wamechanga mwaka mzima kwa ajili ya siku kama hiyo, na siku imefika, na hakuna anayeweza kugusa hata senti.

*Ukifariki, pesa huhesabiwa kuwa zako.* Hili ni gumu kusema lakini lazima lisemwe. Pesa zilizo kwa laini ya marehemu ni sehemu ya mali yake, na hupitia utaratibu wa urithi chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kampuni ya simu haiwezi kumpa mwenyekiti wenu pesa hizo kwa sababu tu anasema ni za kikundi. Mtalazimika kwenda kwa familia inayoomboleza na kuanza kudai. Wengine hufaulu, wengine huishia kukosana maisha.

Suluhisho ni akaunti ya kikundi: iwe ni akaunti ya kikundi kwa simu, nambari ya Paybill au Till iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, au akaunti ya benki iliyounganishwa na simu. Kwa kawaida mtaombwa cheti cha usajili, vitambulisho vya viongozi, na kumbukumbu za mkutano uliowateua watakaoidhinisha malipo.

Kama bado hamjasajiliwa, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 ndiyo inayosimamia vikundi kama vyenu. Inahitaji kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10 na kiwe na katiba yake. Afisa wa maendeleo ya jamii katika eneo lenu atawaelekeza. Vikundi vya akiba na mikopo vinavyosajiliwa kama sacco, na mashirika makubwa ya manufaa ya umma, yana sheria zao na masharti makali zaidi ya hesabu.

Mtu mmoja asianzishe malipo na kuyaidhinisha

Kanuni hii inatumika kwenye benki, serikalini, na hata kwenye kampuni yetu. Anayeandaa malipo siye anayeyakubali. Kwenye akaunti ya kikundi, hii inamaanisha mmoja anaanzisha malipo kwa simu yake, kisha wengine wawili wanapata ujumbe na kuidhinisha kila mtu kwa nambari yake ya siri. Malipo hayatoki mpaka waidhinishe.

Hapa kuna ujanja mmoja ambao huharibu kila kitu: waidhinishaji wanampa mweka hazina nambari zao za siri "ndio asisumbuke kututafuta." Hapo mmerudi kwa mtu mmoja, tofauti ni kwamba sasa ana funguo tatu. Mwenzako akikupa nambari yake ya siri, mkatalie. Unamlinda yeye, na unajilinda wewe. Siku pesa zikikosekana, hutaweza kuthibitisha nani alifanya nini.

Jambo lingine: msichague waidhinishaji wote kutoka nyumba moja. Mume, mke na shemeji wanaweza kuwa watu wazuri sana, lakini hawatoshi kuwa macho matatu.

Kila mwezi, linganisha

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kulinganisha ni kuweka daftari lako kando ya taarifa ya akaunti na kuhakikisha zinasema kitu kimoja. Kama huelewi, tuchukue mfano wa kikundi cha watu 30, kila mmoja anachanga 500 kwa mwezi.

Daftari la mwezi huu linasema:

- Salio la mwanzo wa mwezi: 48,200
- Michango (watu 26 walilipa): 13,000
- Faini za kuchelewa (watu 4 kwa 100): 400
- Jumla ya pesa zilizokuwepo: 61,600
- Msaada wa hospitali kwa mwanachama: 10,000
- Kukodisha viti na hema: 3,500
- Ada za kutuma pesa: 210
- Jumla iliyotumika: 13,710
- Salio la mwisho: 47,890

Sasa unaomba taarifa ya akaunti ya mwezi huo kwa simu. Inaonyesha salio ni 46,890. Kuna tofauti ya shilingi 1,000.

Usipanike, na usiongeze zako kutoka mfukoni ndio zitimie. Tafuta. Unapitia mstari kwa mstari na unakuta kwamba michango iliyoingia kwenye akaunti ni ya watu 24 tu. Wawili walikupa keshi sokoni, ukaandika kwenye daftari, ukaweka noti kwa mkoba, ukasahau. Unaenda kwa ajenti, unaweka 1,000 kwenye akaunti, unaandika tarehe na nambari ya muamala. Imekwisha.

Angalia vile shida ilivyokuwa ndogo. Iligunduliwa ndani ya mwezi, wahusika wanakumbuka, na hakuna aliyeitwa mwizi. Shilingi 1,000 hiyo hiyo ikigunduliwa baada ya mwaka, pamoja na nyingine kama hizo, inakuwa kesi.

Na mfano huu unatufundisha mambo mawili zaidi. Kwanza, ukipokea keshi, andika risiti hapo hapo na uiweke kwenye akaunti siku hiyo au kesho yake. Usitumie keshi ya michango kulipia kitu moja kwa moja, hata kama ni cha kikundi, kwa sababu pesa hiyo haitaonekana popote. Pili, kuna watu 4 ambao hawakulipa. Hilo nalo ni la kuripoti: michango iliyotarajiwa ilikuwa 15,000, iliyopatikana ni 13,000.

Ripoti iwe ukurasa mmoja

Wanachama hawahitaji jedwali la kurasa tisa. Wanahitaji majibu ya maswali manne:

- Tulianza na ngapi?
- Ni ngapi zimeingia, na kutoka wapi?
- Ni ngapi zimetoka, kwa nini, na nani aliidhinisha?
- Tumebaki na ngapi, na je, ziko kwenye akaunti?

Soma ripoti kwa sauti kwenye mkutano, halafu mpe mtu mwingine taarifa ya akaunti athibitishe salio la mwisho. Katibu aandike kwenye kumbukumbu kwamba ripoti ilisomwa na kukubaliwa. Mstari huo mmoja kwenye kumbukumbu ndio utakaokutetea miaka miwili baadaye.

Tahadhari: skrinshoti ya salio si ripoti. Inaonyesha pesa zilizopo dakika hiyo, haionyeshi zilizopita. Mtu anaweza kukopa asubuhi, akapiga skrinshoti saa sita, akarudisha jioni. Omba taarifa kamili ya mwezi.

Pia, usirushe orodha yenye majina, nambari za simu na vitambulisho vya wanachama kwenye grupu kubwa ya WhatsApp. Hizo ni data za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Orodha kamili ikae kwa daftari na kwa kamati.

Pesa zilizochangwa kwa jambo moja hufanya jambo hilo

Tuseme mmefanya harambee ya bili ya hospitali ya mtoto wa mwanachama. Zimeingia 80,000. Wiki hiyo hiyo kodi ya ofisi ya kikundi inadaiwa, na mwenyekiti anakuambia, "Toa humo 6,000, tutarudisha."

Jibu ni hapana. Waliotoa pesa hizo waliambiwa ni za hospitali. Ziandikie ukurasa wake kwenye daftari, zisichanganywe na michango ya kawaida. Bili ikilipwa na pesa zikabaki, usiamue peke yako wala na mwenyekiti. Peleka swali kwa mkutano au kwa wachangaji: zirudishwe, apewe mzazi kwa matibabu ya baadaye, au ziingie mfuko wa kikundi? Uamuzi wowote, uandikwe.

Hii ni muhimu zaidi kwa bodi za mashirika yanayopokea pesa za wafadhili. Pesa za karo zikinunua mafuta ya gari, hata kwa nia njema, mfadhili ana haki ya kudai zirudishwe.

"Nitarudisha mwisho wa mwezi"

Tuongee ukweli. Mtihani mkubwa wa mweka hazina huwa anapopatwa na dharura ya kweli: mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, mwenye nyumba anagonga mlango, na kuna 47,000 za kikundi ambazo hakuna anayezihitaji mpaka mwezi ujao. Kukopa 5,000 kunaonekana si kitu.

Wengi huanzia hapo, na wengi kweli hurudisha mara ya kwanza. Mara ya tatu mshahara unachelewa, na mwanachama anafiwa siku hiyo hiyo. Kama kikundi chenu kinaruhusu kukopeshana, omba mkopo kama mwanachama mwingine yeyote, uidhinishwe na wengine, uandikwe. Kama hakiruhusu, pesa hizo kwako ni kama hazipo. Hapa ndipo utaona faida ya waidhinishaji watatu: mfumo mzuri humlinda mtu mwema siku ambayo ameelemewa.

Matapeli wanakupenda

Mtu akijua wewe ndiye unayeshughulika na pesa za kikundi, unakuwa windo. Jihadhari na haya:

- Meseji bandia ya malipo. Mtu anasema ameshachanga na anakuonyesha meseji. Usiandike kwenye daftari mpaka uone pesa kwenye akaunti yenyewe.
- "Nimetuma kimakosa, nirudishie." Angalia salio kwanza. Hata kama pesa iliingia kweli, usiirudishe kwa kutuma upya. Mwambie apitie huduma kwa wateja ili muamala ubatilishwe kwa njia rasmi.
- Simu ya "mwenyekiti." Ujumbe kutoka nambari mpya: "Ni mimi chairman, simu yangu imeharibika, tuma 15,000 kwa fundi haraka." Mpigie kwa nambari unayoijua.
- Laini kuzimika ghafla. Simu yako ikikosa mtandao bila sababu wakati majirani wanao, huenda mtu anajaribu kubadilisha laini yako. Wasiliana na mtoa huduma mara moja kwa simu nyingine, na uwajulishe waidhinishaji wenzako.

Ukitoka, kabidhi

Kipindi chako kikiisha, usitoe tu hotuba ya shukrani. Kabidhi daftari, risiti, taarifa za akaunti na orodha ya madeni. Mbele ya mashahidi wawili, taja salio la siku hiyo, mweka hazina mpya atie sahihi, nawe utie sahihi. Kisha ombeni jina lako litolewe kwenye orodha ya waidhinishaji haraka iwezekanavyo, mkiwa na kumbukumbu za mkutano wa uchaguzi. Usiseme "tutabadilisha baadaye." Kadiri jina lako linavyobaki pale, ndivyo kila shilingi itakayopotea itakavyokuja kubisha mlangoni kwako.

Mara moja kwa mwaka, hata kama hakuna anayetoka, kikundi kiteue wanachama wawili wasio kwenye kamati wapitie hesabu zote. Si lazima wawe wahasibu. Mtu anayejua kujumlisha na kuuliza "hii ilikuwa ya nini?" anatosha kwa kikundi kidogo. Na ukaguzi ukija, usiuchukulie kama tusi. Mweka hazina mwenye daftari safi huwa wa kwanza kuuomba.

Kabla ya mkutano ujao, jiulize

- Pesa za kikundi ziko kwa jina la kikundi au kwa jina langu?
- Nikipoteza simu leo usiku, kikundi kinaweza kulipa kesho asubuhi?
- Kuna malipo ninayoweza kufanya peke yangu bila mtu mwingine kujua?
- Mara ya mwisho nililinganisha daftari na taarifa lini?
- Mwanachama akiniuliza salio sasa hivi, nina cha kumwonyesha?

Kama swali lolote limekufanya ukune kichwa, anza na hilo. Huhitaji kubadilisha kila kitu wiki hii. Omba taarifa ya akaunti ya mwezi uliopita, kaa na daftari na kalamu, na utafute tofauti. Ukiipata, iripoti. Usipoipata, pia iripoti: waambie wanachama hesabu zimetimia, waonyeshe, kisha muendelee na chai.